Gunia la Manyoya ya Bata Bukini

Hapo zamani, Mto Rini ulipokuwa mpaka kati ya Warumi na makabila ya Wagermanik, Albrua alimwondolea mumewe unyoya begani, akacheka.

"Mume wangu, utasimama langoni ukifanana na bata bukini?"

Mumewe, Friduri, alikuwa Mgermanik aliyekula kiapo cha kuwatumikia Warumi kama askari. Alilinda lango la ngome yao. Siku ya soko sheria ilikuwa moja: Mgermanik avuke mto bila silaha, na kila gunia lipekuliwe.

Asubuhi hiyo akavuka Segoberi, kaka yake Albrua, na gunia la manyoya ya kuuza. Friduri akanyoosha mkono.

"Ala! Shemeji, unanipekua? Ulipokuja kwetu kuposa, nani alikupekua?"

"Mwache apite," akasema Albrua, aliyekuwa akipita langoni na kikapu chake kwenda sokoni. "Usinitie aibu mbele ya kaka yangu."

Friduri akaurudisha mkono.

Ndani ya manyoya mlikuwa na upanga. Segoberi alikwenda nao moja kwa moja kwa Vetulio, akida wa Kirumi aliyeongoza askari wa ngome, akamkata bega. Akida akapiga ukelele: "Fungeni lango! Pigeni mishale!" Mishale ikapigwa sokoni, katikati ya watu. Mmoja ukampata Albrua. Alikufa ameshika kikapu cha vitunguu.

Jioni liwali wa Kirumi akawaita akida, Friduri, na Segoberi aliyekuwa amekamatwa.

Akida akasema, "Silaha ikionekana, mishale hupigwa. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Muuaji ni aliyeleta upanga."

Segoberi akasema, "Akida huyu alichoma ghala letu wakati wa baridi. Wanangu wawili wakafa kwa njaa. Nilimtaka yeye. Mshale uliomuua dada yangu ni wa nani?"

Friduri akasema, "Kupekua ilikuwa kazi yangu. Sikupekua." Maneno ya mkewe pale langoni hakuyataja.

Liwali akamwambia, "Aliyekufa ni mkeo. Kesho asubuhi taja muuaji mmoja. Awe Mrumi, awe Mgermanik, huyo atakufa. Wengine watakwenda zao."

Kulipokucha Friduri alimzika mkewe. Kisha akaenda mbele ya liwali, akavua mkanda wake wa askari, akauweka chini.

"Muuaji ni mlinzi wa lango."

Akida akashusha pumzi. Segoberi akalia: "Shemeji! Uhai huu unaoniachia niufanyie nini?"

Friduri akawanyooshea askari mikono wamfunge.

Haya, nyinyi mliosikia yote, hata lile ambalo liwali hakuambiwa: je, nani alimuua Albrua?