Gemu Nzito na Honi ya Baba Lwitiko

Wewe unayefungua ujumbe mrefu na kusema "nitausoma baadaye," kaa chini. Status za watu usiowajua unaziangalia zote, ukifika kwenye hekima ndiyo unakumbuka bando. Soma mpaka chini kabla hujaituma kwa mwingine. Mimi shule niliikimbia mapema na hii nimeielewa, wewe mwenye vyeti utashindwaje?

Tukuyu kulikuwa na kijana anaitwa Gwakisa, fundi simu. Kwa kujisifu alikuwa hana mpinzani. Akikubadilishia kioo, mtaa mzima utajua.

Gwakisa akatengeneza gemu ya simu, peke yake, kwenye kompyuta ya mtumba. Unaendesha fuso la ndizi kushuka Kyela, utelezi, kona kali, ukizembea mzigo wote mtaroni. Gemu ilikuwa nzuri, hilo simnyimi.

Na fuso lile halikuwa la kubuni. Lilikuwa la Baba Lwitiko, dereva wa mtaani kwao, marehemu. Rangi yake ileile ya kijani, na nyuma yake yaleyale maandishi: NITAFIKA TU.

Baba Lwitiko alikuwa na desturi moja. Akirudi safari, akifika kona ya kanisani, anampigia mkewe honi. Si honi ya kufukuza mbuzi. Ilikuwa na mkato wake: piii-pi, kisha pooo ndefu. Mama Lwitiko akiisikia tu, anaweka maji ya ugali jikoni. Siku moja, mvua inapiga bati, akairekodi kwa simu yake. Mume alipofariki, sauti ile ndiyo iliyobaki.

Gwakisa akaenda kuiomba.

"Mama, nitumie ile honi niiweke kwenye gemu. Gari likifika kona ya kanisani, inalia. Baba atasikika dunia nzima."

Mama Lwitiko akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akamtumia. "Ndaga, mwanangu," akamshukuru, kana kwamba yeye ndiye aliyepewa.

Sasa ikaja siku ya kuipandisha gemu mtandaoni. Tovuti ikaikataa. Faili kubwa mno, limepita kiwango.

Rafiki yake Lusajo, aliyekuwa akishirikiana naye kwenye kibanda cha ufundi, akaangalia kilichokuwa kinajaza faili, akacheka.

"Kaka, nusu ya uzito huu ni ile video yako ya mwanzo."

Video yenyewe ni hivi: Gwakisa amevaa miwani myeusi, ameegemea gari la watu, anasema, "Karibuni kwenye akili yangu." Picha kali, kila kinyweleo cha ndevu unakihesabu. Na huwezi kuiruka. Utake usitake, utamtazama mpaka amalize.

"Itoe," Lusajo akasema. "Au basi ibane, ipunguze ubora. Watu wetu wana simu ndogo na bando la kuungaunga."

"Duka litolewe bango la mwenye duka?" Gwakisa akajibu. "Gemu nyepesi ni za watoto. Kitu cha maana lazima kiwe kizito. Wewe ushawahi kuona ng'ombe anauzwa kwa wepesi?"

Akapekua mwenyewe, akatoa vitu alivyoona hakuna atakayeviulizia. Video akaiacha. Faili likapita, kwa kubanwa mlangoni kama gunia la viazi, lakini likapita.

Akatupa kiungo kwenye kundi la mtaa. Kila mtu alitaka kuipakua. Malalamiko yakaanza: "Simu inasema nafasi haitoshi." "Bando langu limekatikia katikati!" "Gwakisa, hii ni gemu au ni fuso lenyewe?"

Kijana akashika simu, akajibu kwa sauti, kwa madaha:

"Nafasi haitoshi kwa sababu mmejaza uchafu! Picha za kipaimara cha mwaka gani sijui, sauti za watu wanaokohoa, vichekesho vya zamani. Futeni takataka zenu! Mnaletewa kitu kikubwa, mnashindwa kukiandalia nafasi?"

Watu walicheka sana. Hata mimi ningecheka, nisikudanganye.

Baada ya siku chache, Mama Lwitiko akaja kibandani. Mvua ilikuwa inanyesha, simu ameifunga kwenye mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba yai. Vijana wawili watatu walikuwa wamekaa pale wakisubiri simu zao.

"Shikamoo mama," Gwakisa akasema. "Nawe ni dereva siku hizi?"

Vijana wakacheka. Mama naye akacheka.

"Marahaba. Imeingia, mwanangu. Ilinisumbua, lakini imeingia. Gari nimeliona, ndiyo lenyewe kabisa. Ila likifika kona, baba hapigi honi."

"Umefunga sauti, mama. Lete nikuonyeshe."

Akafungua gemu, sauti juu. "KARIBUNI KWENYE AKILI YANGU!" Kibanda kizima kikamsikia. Mama Lwitiko akasubiri kwa adabu, mikono mapajani, mpaka video ikaisha. Alikuwa ameshaizoea.

Fuso likaanza kuteremka. NITAFIKA TU. Likafika kona ya kanisani.

Kimya.

Gwakisa akarudia. Likafika kona. Kimya. Ndipo kidole chake kikasimama juu ya kioo, na uso ukaanza kumbadilika. Amekumbuka alichokitoa siku ile faili lilipokataliwa. Alitoa sauti ya injini, alitoa ya mvua, na kwenye mkupuo huohuo alitoa honi.

"Mama," akasema, na sauti ile ya madaha sijui ilikwenda wapi, "nitairudisha leo leo. Nitumie tena ile honi."

Mama Lwitiko akamtazama kama hakumwelewa.

"Sina, mwanangu. Nilifuta."

"Ulifuta?"

"Si ulisema kwenye kundi tufute takataka? Simu yangu ilikuwa imejaa. Nikafuta picha zake, bado ikakataa. Nikafuta na honi, ndiyo ikakubali. Nikasema, ya nini kuwa nazo mbili, wakati wewe umeshamweka humu? Lakini wewe unayo. Ile niliyokutumia."

Gwakisa akamgeukia Lusajo. Lusajo alikuwa ameshaanza kutafuta kwenye kompyuta. Akatafuta kwenye mafaili, akatafuta kwenye simu ya Gwakisa, akatafuta hata mahali ambapo haiwezi kuwepo. Haikuwepo. Kompyuta na simu yake navyo vilikuwa vimejaa siku ile, na Gwakisa alisafisha kila kitu ili video yake ipate pa kukaa.

Hakuna aliyecheka. Wale vijana waliinuka mmoja mmoja, wakasimama nje na mvua yao.

"Ile honi," Lusajo akasema polepole, "ilikuwa ndogo kuliko hiyo miwani yako peke yake kwenye video."

Gwakisa alibaki anaifunga simu ya watu kwenye plastiki, anaikosea, anaifungua, anaifunga tena.

Siku hiyohiyo akaitoa video. Gemu ikawa nyepesi, ikapita kwenye kila simu ya mtaa, hata zile zilizopasuka kioo. Watu wakamsifu, yeye akawa anainamisha kichwa. Pale kona, gari lilipita kimya.

Mwishowe akaenda kwa Mama Lwitiko. Alikwenda kuomba msamaha, ila akafika uani akasimama tu. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akamtazama, akaweka kisu chini.

"Washa hiyo simu yako," akasema. "Irekodi."

Akajifuta mikono, akavuta pumzi, akaipiga honi ya mumewe kwa mdomo. Piii-pi. Pooo. Watoto wa jirani wakaangua kicheko. Mama hakuwajali. Ile pooo ya mwisho ilimkatikia njiani, akairudia mpaka ikafika.

Gwakisa hakuweza kumtazama. Aliangalia simu, aliangalia maganda ya ndizi.

Mama Lwitiko akajifuta mdomo, akauliza, na alikuwa anauliza kweli, hakuwa anamsimanga:

"Imetosha, mwanangu? Au nipunguze kidogo, isije ikawa nzito?"

Funzo: Nafasi ikiwa finyu, anza kujipunguza wewe, usimwambie mwenzako afute takataka zake, maana hujui kwenye simu ile anamtunza nani.