Povu la Pangoni

Mtu akiumwa na kitu asichokijua, hutazama kwanza mlangoni aone nani ameingia. Ni wachache wanaoanza kwa kukung'uta nguo zao wenyewe. Ndiyo maana wahenga walituachia methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako, na ndiyo maana kila kizazi hujifunza methali hiyo upya, kwa machozi yake.

Katika kisiwa kimoja palikuwa na pango lililopendwa na watalii kuliko fukwe zote. Ngazi sitini na mbili za mawe ziliteremka hadi kwenye bwawa la maji maangavu kama kioo. Humo waliishi samaki weupe, wadogo kama vidole vya mtoto, wasio na macho. Hawakupatikana kwingine popote kisiwani, na watu walivuka bahari kuja kuwaona.

Aliyewaongoza wageni pangoni kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwanamume wa makamo aliyeitwa Kamusi, kwa kuwa hakuna swali lililomshinda. Na kama lilimshinda, hakuna mgeni aliyegundua. Kamusi alikuwa na siri moja ya kazi. Kabla ya kila kundi kushuka, alitangulia peke yake, ati anakagua ngazi, akamwaga majini viganja viwili vya makombo ya mkate kutoka kwenye mkebe wake. Wageni walipofika, walikuta samaki wamejaa juu kama nyota, wakashangilia na kupiga picha.

"Wananijua hawa," Kamusi alisema kwa madaha. "Wakisikia sauti yangu tu, wanakuja."

Miaka ya mwanzo alifanya hivyo kwa wageni wa heshima tu. Siku hizi makundi aliyoyaongoza yalifika kumi kwa siku, naye alimwaga mara kumi. Hakuona ubaya. Nani amewahi kudhurika kwa kulishwa?

Kisha samaki wakaanza kufa. Jumatatu walielea saba, Jumanne kumi na mmoja. Kando ya maji pakatanda povu jeupe lenye harufu ya uvundo.

Kamusi alikosa usingizi na hamu ya chakula. Akaanza kumshuku kila mtu. Alimshuku bibi kizee aliyejipaka mafuta ya kuzuia jua, akamshuku mpiga picha mwenye begi kubwa, akawashuku hata popo. Aliwapekua wageni kwa maneno matamu na macho ya polisi. Hakupata kitu. Ndipo alipoinua macho na kutazama juu ya pango.

Huko juu palikuwa na nyumba ya wageni, na nyuma yake chumba cha kufulia mashuka. Mfuaji alikuwa mpya, wiki sita tu kazini. Wala hakuwa mtu baki. Alikuwa mjane wa marehemu kaka yake Kamusi, na mama wa watoto pacha. Kamusi mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, tena akampa chumba cha uani nyumbani kwake.

"Sabuni," Kamusi alijisemea.

Jioni hiyo alimkuta shemeji yake akichambua mchele.

"Shemeji, maji ya kufulia unayamwaga wapi?"

"Kwenye karo. Yanakwenda kwenye shimo la upande wa barabarani."

"Una hakika hayaendi kwingine?"

"Njoo kesho uone mwenyewe. Nitakupa na mashuka mawili ufue, maana naona siku hizi una nafasi." Akacheka. Kamusi hakucheka.

Kesho yake alikwenda kweli. Aliliona karo, akaufuata mfereji kwa miguu hadi kwenye shimo la upande wa barabarani. Lakini mwenye shaka haridhiki na anachokiona. Yeye aliona kando ya karo chupa isiyo na karatasi ya jina. Aliona pia kwamba shemeji yake hakumtazama usoni, bali aligeukia dirishani kama mtu mwenye neno kooni. "Ana kitu huyu," akawaza. Shaka ni kama mchwa: hula kimyakimya, na ukija kushtuka boriti imebaki ganda. Siku ya tatu akaenda kwa msimamizi wa pango na nyumba ya wageni, akamwaga yote.

Msimamizi alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Samaki wakiisha, pango linafungwa na sote tunakwenda nyumbani," alisema. "Mfuaji asimamishwe kazi. Ijumaa anakuja mtaalamu wa maji. Ikionekana ni yeye, hana kazi tena kisiwa hiki."

Mjane aliposikia, alimwendea Kamusi uani. Pacha wake walikuwa wameanza shule mwezi uleule. Asipokuwa na kazi, shule ingekatika.

"Shemeji, ni wewe uliyenisema?"

"Nimesema nilichokiona."

"Na umeona nini?"

"Povu."

"Povu," akarudia taratibu. Akaendelea kukunja sare za watoto, moja juu ya nyingine. "Haya. Mungu yupo."

Ijumaa walikusanyika mbele ya chumba cha tiketi: viongozi wote wa watalii, msimamizi, Kamusi na shemeji yake. Mtaalamu wa maji alikuwa binti mdogo mwenye viatu vya mpira na sanduku la vichupa. Alishuka, akapima, akapanda akihema.

"Maji hayana sabuni," alisema. "Hata tone."

"Pima tena, binti," Kamusi alidakia. "Povu lile limetoka wapi kama si kwenye sabuni?"

"Baba yangu, kitu chochote kikiozea majini hutoa povu."

Akachukua samaki aliyekufa asubuhi hiyo, akamlaza kwenye sahani na kumpasua kwa kiwembe. Watu wakasogea. Tumbo la samaki yule lilikuwa limejaa donge jeupe, laini kama unga uliokandwa.

"Mkate," alisema binti. "Samaki hawa hula wadudu wadogo mno, chembe kwa chembe. Mkate huwavimbia tumboni. Unaobaki huozea chini na kumaliza hewa ya majini. Kwa hiyo aliyekula anakufa, na asiyekula anakufa."

"Watalii hao!" akasema kiongozi mmoja.

"Mtalii anakuja mara moja tu. Hawa wamelishwa kila siku, tena mara nyingi. Ni mtu wa hapahapa."

Viongozi wakaanza kutazamana kwa pembe za macho, kila mmoja akimpima mwenziwe. Hakuna aliyemtazama Kamusi. Yeye ndiye aliyepigilia, kwa amri ya msimamizi, kibao cha kuwakataza wageni kuwalisha samaki.

Msimamizi akamgeukia mjane. "Mikate inayobaki mezani kwa wageni hupitia mikononi mwako?"

"Nikisaidia jikoni, hupitia."

"Na mwingine anayeichukua ni nani?"

Mjane aligeuza kichwa. Akatazama dirisha la chumba chake cha kufulia, lililoelekea mdomo wa pango. Kamusi akafuata macho yale. Kumbe alimwona! Kila siku, mara kumi kwa siku, alimwona akishuka na mkebe wake wa makombo.

"Simjui," alisema mjane.

Kamusi angeweza kunyamaza. Neno lile moja lilikuwa limemfungulia mlango wa kutokea, na mtu mwingine angeubeba mzigo. Alimtazama mke wa kaka yake, amesimama wima mbele ya watu kwa kosa asilolijua, akimsitiri mtu aliyemchongea.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi. Nilitaka wageni wafurahi. Nilitaka waone kwamba samaki wananijua."

Kisha Kamusi akamgeukia shemeji yake. Akamwuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, nani angeniamini? Halafu kabla ya leo sikujua kama mkate unaua. Nilikuwa nakuona ukiwapelekea makombo, nikasema, huyu mtu anawapenda sana." Akajifuta macho kwa upande wa khanga. "Na kweli uliwapenda, shemeji."

Pango lilifungwa miezi minne. Mjane alirudi kazini siku ileile. Kamusi alivuliwa kitambulisho cha kuongoza watalii, akapewa wavu na ndoo. Kila siku alipiga magoti majini, akichota kutoka chini ya bwawa tope la mkate wa miaka kumi na tisa. Samaki waliosalia walihesabika arobaini na mmoja.

Pango lilipofunguliwa, wageni waliketi kimya kwenye ngazi. Siku nyingine samaki walitokea, siku nyingine wageni waliondoka mikono mitupu. Mgeni mmoja alimwona Kamusi na ndoo yake, akamwuliza ni adui gani aliyeingia humu karibu awamalize viumbe wazuri namna hii.

Kamusi aliweka ndoo chini. "Hakuingia mtu," alijibu. "Nilimtafuta adui kwenye mikoba ya wageni na kwenye karo la shemeji yangu, kumbe alikuwa anatembea na viatu vyangu. Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako."