Chungu Kisichoonja Moto

Chungu kisichoonja moto hakijajaribiwa. Neno hili sasa linasemwa sokoni, kwenye vikao vya shule, hata kanisani, na nyinyi vijana mmelisikia leo mkadhani ni la mababu. Si la mababu. Lilizaliwa Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, siku ambayo kompyuta zote za hospitali ya wilaya zilikwama kwa mpigo mmoja, na Tusekile mke wa Ambakisye yuko wodini anangoja gari.

Tusekile alikuwa mfinyanzi. Ambakisye kazi yake ilikuwa kukata nyasi za kuchomea vyungu, kisha kuvibeba kwenda mnadani. Wanunuzi wa mnadani wana tabia ya kugonga chungu kwa ukucha na kutega sikio. Kikilia vizuri, wanalipa. Tusekile alikuwa akiwacheka. Mlio unadanganya, alisema. Yeye kila chungu alikijaza maji ya pumba akakibandika motoni mpaka kichemke, ndipo kiende sokoni. Kila mara viwili vitatu vilipasuka. Ambakisye akinung'unika, mkewe alimjibu, "Heri kipasukie jikoni kwangu kuliko jikoni kwa mwenzangu."

Basi wiki moja kabla ya Jumanne ile, Ambakisye alikuwa amempeleka mkewe kliniki kwa maumivu ya tumbo. Wakakuta ukumbi wa kungojea umepambwa vitambaa, viti vya mbele wamekaa wageni wa mkoani, wanakunywa soda. Mganga mfawidhi, mkubwa wa hospitali ile, akasimama akaeleza. Zamani, alisema, fundi alihama na kifaa chake toka kompyuta moja hadi nyingine, kazi ya wiki nzima. Sasa kompyuta moja kubwa itazigawia nyingine zote mfumo mpya kwa waya, na kila moja ikishapokea itajitafutia yenyewe masasisho yake huko nje, yaani yale marekebisho yanayotolewa baada ya mfumo kutengenezwa. Hakuna mtu kugusa kitu.

Fundi, jina lake Lugano, akabonyeza. Kompyuta moja iliyowekwa mezani ikazimika, ikawaka, ikaandika maandishi yake, na kabla wageni hawajamaliza soda ikawa tayari. Ukumbi ukapiga makofi. Ambakisye naye alipiga. Tusekile hakupiga, lakini yeye alikuwa ameshika tumbo.

Usiku wa kuamkia Jumanne tumbo likazidi, na asubuhi daktari wa zamu akasema utumbo umejisokota, apasuliwe mjini, hapa hawawezi. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva yupo, mafuta yamo. Kilichokosekana ni namba ya rufaa. Namba hutoka kwenye kompyuta, na bila hiyo gari halitoki getini. Hiyo ilikuwa amri, imebandikwa ukutani.

Asubuhi hiyohiyo ndiyo waliyochagua kuwasha mfumo mpya hospitali nzima. Kila kompyuta ikafuta mfumo wa zamani, ikapokea mpya, ikaanza kujitafutia masasisho yake. Zote pamoja, kwenye njia moja ya mtandao iliyo nyembamba kama mrija wa pombe. Hakuna iliyopita. Kurudi nyuma hakuwezekani, mfumo wa zamani umeshafutwa. Kwenye vioo vyote paliandikwa subiri.

Watu wakasubiri. Jua likapanda. Ambakisye akamkuta Lugano koridoni, amechuchumaa na waya mkononi, shati limelowa jasho.

"Mwanangu, hii si ile tuliyoipigia makofi?"

"Ndiyo hiyo, baba."

"Mbona ile iliisha soda haijaisha?"

Lugano hakumtazama. "Siku ile masasisho tuliyazima."

"Mliyazima kwa nini?"

"Ndiyo yanayokula muda, baba. Niliambiwa wageni hawawezi kukaa kungoja."

"Kwa hiyo pale penye kazi hasa hamkupajaribu."

"Hatukupajaribu."

"Chungu mmekigonga kwa ukucha," akasema Ambakisye. "Hamkukibandika. Chungu kisichoonja moto hakijajaribiwa, mwanangu. Mke wangu huyo mle ndani angekuambia bila kusoma darasa hata moja."

Mfawidhi alikuwa anapita, akasikia. "Mzee, haya ni mambo ya kitaalamu. Vuta subira."

"Subira ninayo, daktari. Utumbo wa mke wangu ndio hauna."

Muuguzi mmoja akacheka, kisha akaziba mdomo.

Saa nane mchana, kompyuta bado zinasema subiri, mfawidhi akaagiza aletewe karatasi. Akaandika rufaa kwa mkono, akatia sahihi, na geti likafunguliwa. Kalamu ile ilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi. Ambakisye aliiona.

Tusekile alifariki gari likiwa linapanda mlima, taa za mji hazijaonekana.

Msibani Lugano alikuja, akakaa na wanaume nje, hakula. Wafinyanzi wenzake Tusekile walipomuuliza Ambakisye imekuwaje, aliwapa maneno yaleyale ya koridoni, hakuongeza. Wao ndio waliolichukua neno hilo hadi mnadani. Mteja akigonga chungu kwa ukucha, wanamwambia. Kutoka mnadani likaenda kwa mafundi bomba, kwa makocha wa mpira, kwa wazazi wanaooza mabinti. Hata hospitali siku hizi wanalisema, wamesahau lilipoanzia.

Kamati iliundwa. Lugano akasema aliambiwa. Mfawidhi akasema yeye aliomba tu mambo yaende haraka, hakumtuma mtu kuzima chochote. Wageni wakasema wangengoja hata siku nzima, hakuna aliyewauliza. Lugano akahamishwa. Mfawidhi akapandishwa cheo.

Ambakisye bado anauza vyungu, siku hizi vya kununua kwa wengine. Kila kimoja anakibandika kwanza, na vinavyopasuka anavirundika nyuma ya nyumba. Chungu kisichoonja moto hakijajaribiwa, hilo sasa kila mtu analijua. Ila siku ile ya soda, ni nani aliyesema moto usiwashwe?