Fundi Ukasha na Kadi ya Mwenza

Mwanamke anayejifungua hawezi kumwonea haya mkunga. Akikaza khanga kiunoni na kubana miguu, mtoto hatoki, na pengine wote wawili hudhurika. Hapo ndipo wahenga walipochota methali isemayo kuwa mficha uchi hazai. Maana yake ni pana kuliko chumba cha uzazi: mwenye shida asiyekubali kuifunua mbele ya anayeweza kumsaidia, shida hiyo humkalia mabegani hadi ikamzeesha. Wengi huisikia methali hii wakacheka, wakaenda zao. Ukasha wa Salale aliijua kwa mwili wake mwenyewe.

Ukasha alikuwa fundi wa mashine za boti katika kijiji kimoja cha Salale, huko deltani ambako njia ni maji na kuta ni mikoko. Alikuwa mrefu kama mlingoti, mcheshi, na sauti yake ilifika mahali kabla ya yeye mwenyewe. Wavuvi wa kamba walimpenda kwa ufundi wake na kumwogopa kwa ulimi wake. Mtu alipomletea mashine iliyozimika, kwanza alihojiwa kama mshtakiwa.

"Umetia nini humu?"

"Petroli tu, fundi."

"Petroli gani inayonuka kama kibatari cha bibi yangu? Sema kweli! Mashine haina haya, mwenye haya ni wewe!"

Mvuvi angejikuna kisogo na kukiri kwamba alichanganya na mafuta ya taa. Ukasha angecheka hadi machozi yamtoke, na kabla ya adhuhuri mashine ingekuwa inanguruma.

Miaka mitatu nyuma alikuwa amemwoa Swaumu, binti wa mkulima wa mpunga, mwanamke aliyejua kupiga kasia kuliko vijana wengi na asiyeshindwa kwa maneno na yeyote. Walipendana kama chanda na pete. Hata hivyo, Ukasha aliingia katika ndoa hiyo na jambo ambalo hakumwambia mtu. Miezi michache kabla ya harusi, alipokuwa akijifunza ufundi Kibiti, alikuwa na uhusiano na mwanamke mmoja. Baada ya hapo alianza kuhisi moto kila alipokwenda haja ndogo, na usaha kidogo ukawa unachafua nguo yake. Hakwenda hospitali. Alijipenyeza katika duka la dawa, akanong'ona kwamba kuna "rafiki yake" anaumwa, akauziwa vidonge. Alivimeza siku mbili. Moto ulipopoa, vilivyobaki akavitupa.

"Yamekwisha," alijiambia.

Hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yamenyamaza tu, kama mamba chini ya maji.

Mwaka wa kwanza wa ndoa ulipita, wa pili ukafuata, Swaumu hakushika mimba. Badala yake alianza kusumbuliwa na maumivu chini ya kitovu, mara yakija na homa, mara na uchafu ambao haukuwa wa kawaida. Shangazi Warda, aliyemlea Ukasha tangu mama yake alipofariki, alilivalia njuga jambo hilo. Alikuwa mwanamke mwenye huruma nyingi na subira haba. Alichemsha mizizi michungu kama nyongo na kumnywesha mke wa mwanawe kila asubuhi. Alimpeleka hadi Mloka kwa mganga mmoja aliyemfukiza moshi, Swaumu akarudi na kikohozi cha wiki nzima. Mizizi na moshi viliposhindwa, shangazi akatangaza kwamba huko huko Mloka ameona binti mwenye heshima zake, na kwamba Ijumaa ya pili watu wa ukoo wakutane wazungumzie ndoa ya mke wa pili.

Yote hayo Ukasha aliyasikia. Moyo ulimsuta, lakini kila alipofungua kinywa maneno yalirudi tumboni. Angeanzia wapi? Yeye, fundi anayeheshimika, aseme mbele ya watu alivyokuwa akiumwa na wapi? Akaona heri anyamaze. Akasahau kwamba kimya chake kilikuwa na mlipaji, na mlipaji huyo alikuwa Swaumu.

Swaumu hakungoja Ijumaa. Siku moja, bila kumuaga shangazi, alipanda boti hadi Nyamisati, akachukua bodaboda, akafika Kibiti kwenye kituo cha afya. Huko alipokewa na Nesi Mwanahawa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Swaumu alipoanza kujiumauma kwa haya, nesi alivuta kiti karibu.

"Mwanangu, miaka ishirini na sita niko kwenye chumba hiki. Hakuna utakalosema ambalo sijalisikia. Niambie kila kitu, kuanzia linalokutia haya zaidi."

Swaumu akaeleza. Nesi akampima, akaita daktari, wakashauriana. Walimwambia ana maambukizi kwenye mji wa mimba, na kwamba dalili zote zilielekea magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana. Wakampa dawa za siku kumi na nne. Kisha nesi akatoa kadi ndogo.

"Hii ni ya mwenza wako. Lazima naye aje. Ukimeza dawa peke yako, ni sawa na kuchota maji mtumbwini bila kuziba tundu."

Wiki hiyo hiyo yule mamba wa ugonjwa aliibuka juu ya maji. Korodani moja ya Ukasha ilivimba, ikauma kama jipu, akawa anatembea huku ametanua miguu. Wavuvi walipouliza, alijibu kwamba mpira ulimgonga uwanjani.

Swaumu alimkuta ameketi barazani juu ya mito miwili. Akamwekea kadi mapajani. Ukasha akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena kama mtu aliyepokea barua ya mahakama.

"Mimi wa nini huko? Mimi mzima kama chuma."

"Mzima? Mbona unatembea kama bata?"

"Si nimesema mpira ulinigonga?"

"Mpira gani, Ukasha? Yule mvuvi Maneno kaniambia mechi nzima ulikaa benchi!"

Ukasha akatazama chini. Swaumu akaketi mbele yake, sauti yake ikashuka.

"Mume wangu, kila siku nakusikia ukiwafokea watu waseme walichotia kwenye mashine. Mimi leo nakuuliza wewe. Sema kweli."

Kisha Ukasha, ambaye sauti yake ilizoea kuvuka mto, akasema kwa sauti ndogo ambayo Swaumu hakuwahi kuisikia. Alisimulia habari za Kibiti, moto, usaha, "rafiki" wa duka la dawa na vidonge alivyovitupa. Alipomaliza alikuwa analia.

Swaumu hakulia. Alisimama, akaenda hadi ukingo wa baraza, akarudi.

"Yaliyotokea kabla hujanioa nakuachia wewe na Mola wako," alisema. "Ila shangazi aliponinywesha ile mizizi, wewe ulikuwa umekaa pale pale unatafuna muwa. Uliniona nikitapika, Ukasha. Ukatafuna. Hilo ndilo linaloniuma."

"Nisamehe, Swaumu."

"Kusamehe kutakuja kwa miguu yake. Kwanza kesho tunakwenda Kibiti. Na Ijumaa utawaambia watu wa ukoo mwenyewe, kwa kinywa chako. Mimi sitakusemea."

Kesho yake walifika kituoni wakiwa wawili. Nesi Mwanahawa alifunga mlango, akamtazama Ukasha juu ya miwani. Mazoea yana taabu. Ukasha akakohoa na kuanza, "Nesi, kuna rafiki yangu mmoja..."

Swaumu akamkanyaga mguu.

"...rafiki huyo ni mimi," akamalizia.

Nesi alicheka mpaka miwani ikayumba. "Karibu, rafiki. Wewe ni wa nne wiki hii."

Baada ya kumpima aliwaeleza taratibu, bila kuficha wala kutisha. Aliwaambia kwamba kisonono na ndugu yake klamidia hupenda kutembea pamoja. Mwanamume anaweza kuhisi moto na kuona usaha, au asihisi chochote. Kwa mwanamke mara nyingi huingia kimya kimya, hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu, na mirija ikiziba yai halina pa kupita. Kwa mwanamume yakipanda huvimbisha korodani, naye pia anaweza kuukosa uzazi. Mama akiwa nayo wakati wa kujifungua, macho ya mtoto huweza kuambukizwa hata akapofuka.

"Na kaswende je?" aliuliza Ukasha, aliyewahi kulisikia jina hilo kwa wavuvi.

"Hiyo ni laghai kuliko zote. Huanza na kidonda kisichouma. Kidonda hupona chenyewe, mtu akafanya sherehe. Kumbe ugonjwa umehamia ndani, na baada ya miaka huenda ukabisha hodi kwenye moyo au ubongo. Ndiyo maana tunapima damu. Tutaipima hiyo na virusi vya UKIMWI, maana penye maambukizi haya virusi hupata mlango mpana zaidi."

Wakachukuliwa damu, wakangoja kwenye benchi. Ukasha alihesabu vigae vya sakafu mara tatu, kila mara akapata idadi tofauti. Hakuthubutu kumtazama mkewe. Katikati ya kuhesabu alihisi vidole vya Swaumu vikiingia katikati ya vidole vyake.

Majibu yalikuwa mema: hawakuwa na kaswende wala virusi. Ukasha naye akapewa dawa zake.

"Dozi mmalize, hata mkijisikia wazima siku ya tatu," nesi alisisitiza. "Hakuna kukutana kimwili mpaka wote mmemaliza na nimewaona tena. Mtoto siwaahidi. Makovu hayafutwi na vidonge. Ila matumaini yapo, na siku utakapokosa hedhi, Swaumu, uje haraka, tuhakikishe mimba imekaa mahali pake, si kwenye mirija."

Ijumaa ikafika. Baada ya swala watu wa ukoo walikusanyika nyumbani kwa Shangazi Warda, ambaye alikuwa amepika wali wa nazi na kamba kama kwamba harusi ni jioni ile ile. Alikuwa anaanza kuusifu uzuri wa binti wa Mloka, upawa mkononi, Ukasha alipoinuka.

"Shangazi, wazee wangu," alisema, "tatizo si Swaumu. Mimi niliugua ugonjwa wa zinaa kabla ya kuoa, nikauficha, nikamwambukiza. Miaka mitatu amebeba lawama yangu. Sitaoa mke wa pili. Ninaye wa kwanza, na bado sijamlipa wema wake."

Upawa wa shangazi ulibaki hewani. Mzee mmoja alijifanya amepaliwa. Watu wakajua sasa mbingu itaanguka.

"Miaka mitatu," alisema Shangazi Warda polepole, "miaka mitatu nimemnywesha mtoto wa watu mizizi, kumbe shina lenye maradhi ni la kwangu!"

Aliuweka upawa chini, akapita katikati ya wageni, akapiga magoti mbele ya Swaumu na kumshika mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea." Kisha akamgeukia Ukasha, macho yakimwaka. "Na wewe! Chungu cha mizizi ya leo kipo jikoni, hakijaguswa. Kikombe kizima utakunywa, mbele yangu!"

Ukasha alikunywa. Uso ulimkunjamana, machozi yakamtoka, akarukaruka kama aliyekanyaga siafu. Swaumu, ambaye tangu siku ya kadi hakuwa amefungua meno, alianza kutabasamu, kisha akaangua kicheko hadi akajishika mbavu. Ukoo mzima ukacheka naye. Wali ukaliwa kwa furaha, na habari za binti wa Mloka zikaishia hapo.

Ukasha alidhani sasa kijiji kitamcheka hadi kaburini. Walimcheka, naam, kwa siku tatu. Siku ya nne Maneno, yule yule wa habari za benchi, alileta mashine ya boti. Ukasha akaikagua juu na chini.

"Mbona hii nzima?"

Maneno akatazama huku na huku. "Fundi... huyo nesi wako wa Kibiti. Hafoki?"

"Hafoki," alijibu Ukasha, akajizuia kucheka. "Nenda na mkeo."

Baada ya Maneno alikuja mwingine, na mwingine tena, wote na mashine zisizo na kasoro. Boti ya Nyamisati ikaanza kuonekana imebeba mume na mke, mume na mke, kila mmoja akitazama upande wake kana kwamba hawajuani.

Maumivu ya Swaumu yalikoma. Miezi ikapita, wakangoja, wakakata tamaa mara mbili na kuipata tena. Mwaka wa pili baada ya matibabu Swaumu alikosa hedhi. Hakungoja wala hakuona haya. Kesho yake alikuwa Kibiti. Mimba ilikuwa imekaa mahali pake, na ilipotimia, asubuhi yenye jua jipya, alijifungua mtoto wa kike mwenye macho maangavu na sauti iliyovuka uwanja wa kituo. Hapakuwa na haja ya kuuliza baba yake nani.

Waliporudi Salale, majirani walijaa nyumbani kumwona mtoto. Mmoja wao alimsogelea Shangazi Warda na kumnong'oneza, "Bi Warda, tuambie na sisi. Ni dawa gani hasa iliyosaidia?"

Shangazi alimpakata mjukuu wake vizuri, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Dozi ya hospitali, mama. Lakini iliyotangulia ni ulimi wa mume wake. Angeendelea kuuficha mdomoni, leo msingekuja kula wali hapa. Mficha uchi hazai."