Sifuri ya Kata ya Kivuli

"Hata sifuri ina mama." Mmenisikia nikiisema mlipokuwa mnanionyesha kwenye simu ile kata mnayotaka kuhamia baada ya harusi yenu, mkacheka, mkasema shangazi sasa anatunga methali zake. Sikuitunga mimi. Ilitungwa na jirani yangu, nami nilikuwepo ilipoanza kusemwa. Chanzo chake ni hiki.

Ferdinand Mapunda alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki katikati ya jiji. Alipenda namba. Msimamo wa ligi, hata wa zile timu zisizotangazwa redioni, alikuwa nao kichwani. Yeye na mkewe, Skolastika, walikuwa na mtoto mmoja, Devota, na Devota alikuwa na pumu. Moshi wa magari na majiko ya mkaa ya pale mjini ulikuwa ukimmaliza. Daktari aliwaambia wazi: mkiweza, mtoeni huyu mtoto hapa.

Mwaka ule halmashauri ilianza kuweka takwimu za kila kata hadharani. Zilikuwa kwenye tovuti yake, na nakala zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo pale ofisini. Maji, shule, wizi, magonjwa, vyote vilipangwa kata kwa kata. Mapunda alikwenda kuusoma ule ubao kama watu wanavyosoma matokeo ya mtihani. Kata mbili za pembezoni alizimudu kwa kodi: Mkongeni na Kivuli. Mkongeni ilikuwa na wagonjwa wa pumu wengi kuliko kata zote za pembezoni. Kivuli ilikuwa na sifuri. Akatazama na wizi: Mkongeni mwingi, Kivuli sifuri. Malalamiko ya maji, vivyo hivyo.

Skolastika hakubisha. Alitaka tu wakaione kwanza. Walikwenda wakati wa masika, wakakuta majani yameota hadi vibarazani na hewa imetulia. Wakahamia mwezi uleule, nyumba ya pili kutoka kwangu.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Devota alicheza rede na wenzake mpaka jua linazama, bila kushika kifua. Kuhusu maji, waligundua upesi kwamba mabomba hayajafika Kivuli, tunanunua kwa mkokoteni. Mapunda alilalamika kidogo, kisha akazoea. Kifua cha mtoto kwanza, alisema.

Kisha kiangazi kikaingia. Nyuma ya kilima chetu kulikuwa na machimbo ya kokoto, na mashine ya kusagia mawe. Masika mvua hulilaza vumbi lake. Kiangazi upepo huligeuzia kwetu, nguo zilizoanikwa zikawa nyeupe kama zimepakwa unga.

Siku moja asubuhi, Devota akiwa anasaidia kuosha vyombo, kifua kilimbana. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa nyumbani, lakini safari hii haikufua dafu. Midomo ilianza kugeuka rangi. Nilisikia Skolastika akiniita, nikatoka mbio, tukamsimamisha mwenye pikipiki. Mama alimpakata mtoto, baba akafuata na pikipiki ya pili, nami nyuma yake. Kivuli hakukuwa na zahanati. Tulikwenda Mkongeni.

Muuguzi wa pale aliitwa Tumpe. Alimwekea Devota mashine ya mvuke usoni bila kuuliza jina. Tulisimama pale tukimwangalia mtoto anavyovuta pumzi, na sitasahau uso wa mama yake. Baada ya muda mrefu kifua kikaanza kushuka taratibu, rangi ikarudi. Hapo ndipo Tumpe akauliza wanakoishi.

"Kivuli," Mapunda akajibu.

"Kivuli tena?" Tumpe akatikisa kichwa. "Tazama benchi hilo nje."

Tukatazama. Benchi lilijaa majirani zetu. Mama mwenye genge la nyanya alikuwepo na mwanawe. Hata mke wa mwenyekiti wetu wa mtaa alikuwepo, amempakata mjukuu anayekoroma kifuani.

"Lakini Kivuli haina mgonjwa hata mmoja wa pumu," Mapunda akasema. "Nimesoma mwenyewe. Halmashauri wametudanganya?"

"Hawajadanganya, kaka yangu. Kila zahanati hupeleka hesabu ya watu iliowatibu. Wa Kivuli nawatibu mimi, kwa hiyo wanahesabiwa Mkongeni. Kwenu hakuna zahanati. Nani apeleke hesabu?"

Mapunda akauliza polepole, "Na wizi?"

"Kituo cha polisi mnacho?"

Hatukuwa nacho. Na asiye na bomba hawezi kulalamika kwamba bomba limekauka. Skolastika alikuwa akimfuta mtoto jasho. Akasema bila kuinua kichwa, "Kumbe hata sifuri ina mama. Sisi tulimwona mtoto kapendeza, tukachumbia, hatukuuliza kazaliwa na nani."

Mapunda hakuzichukia namba kwa sababu hiyo. Alirudi kwa Tumpe, wakakubaliana kwamba hesabu ya pumu iende halmashauri ikionyesha mgonjwa ametoka wapi. Takwimu zilipotoka tena, Mkongeni ilikuwa na wagonjwa wachache. Kivuli ndiyo iliyokuwa na wengi kuliko kata zote za jiji.

Watu walikasirika. Mkutano wa mtaa uliitishwa, na mwenyekiti, Mzee Chilongani, akamsimamisha Mapunda mbele yetu.

"Nilikuwa na mteja wa kiwanja changu," alisema. "Ameona hizo namba zako, amegeuza njia. Umekuja juzi tu, umetuchafulia mtaa!"

Wengine wakapiga makofi. Nami, kusema kweli, niliwaza kodi ya chumba changu cha uani. Mapunda alifungua mdomo, lakini Skolastika alikuwa ameshasimama.

"Shikamoo, baba mwenyekiti. Mjukuu wako nilikaa naye benchi moja Mkongeni. Ilipokuwa sifuri, yeye alihesabiwa wapi?"

Mzee Chilongani alimtazama mkewe. Mkewe hakuinamisha macho. Mzee akaketi, na barua ya kudai zahanati iliandikwa palepale, yeye akiwa wa kwanza kuweka saini.

Halmashauri iliwalazimisha wenye machimbo kuyamwagia mawe maji kabla ya kuyasaga. Vumbi lilipungua, halikuisha. Zahanati ilichukua miaka. Ipo mpaka leo, ina rangi ya bluu, lakini Devota hakuwahi kutibiwa ndani yake. Kifua chake hakikuweza kusubiri matofali. Wazazi wake walikwishahamia Mkongeni, kwenye ile kata ya wagonjwa wengi, wakapanga chumba kwenye mtaa wa nyuma ya zahanati. Watu waliwacheka. Huko ndiko mtoto alikokulia, na huko ndiko alikoolewa.

Sasa hiyo kata yenu haina ajali, haina wizi, haina mtoto aliyeacha shule. Huenda ni kweli, wanangu, zipo kata njema. Ila kabla hamjalipa kodi, nendeni mkaulize shule ya sekondari iko wapi na polisi wako wapi. Hata sifuri ina mama.