Maswali ya Chui ya Kupima Upendo

"Mpo?"
"Tupo!"
"Masikio?"
"Wazi!"
"Mlango?"
"Umefungwa!"

Ukazeni basi, maana leo namleta Chui, na mimi mwenyewe namwogopa.

Kiangazi kilikuwa kikali. Kina mama wa porini walitaka kwenda mbali kutafuta maji, lakini watoto wangebaki na nani? Mama Paa alikuwa na mwana aliyezaliwa juzi, miguu bado inatetemeka. Usingizi haukumjia kwa wasiwasi.

Chui akaja, nyata, nyata, nyata. "Msihangaike, mama zangu. Nina maswali manne ya kupima upendo wa watoto. Mwenye ndiyo nyingi ndiye mlezi."

Akajiuliza, akajijibu: ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo! Moyo wa Mama Paa ukaenda pu! pu! pu!

Nguchiro, kijinyama cha kiganjani, akasema, "Mzee Chui, maswali yako mazuri mno. Tuyapime na yenyewe, watu wasije wakakusengenya. Nitauliza hayo hayo manne, mwenye ndiyo avuke mstari huu aje huku, kisha arudi."

"Nani huamka mtoto akikohoa?" Wakavuka kina mama. Chui naye akavuka.

"Nani humkimbilia mtoto akilia?" Wakavuka walewale. Chui naye akavuka.

"Nani anapenda mtoto mnono?" Kina mama wakatazamana, wakabaki. Wakavuka Fisi na Mbweha, waliokuwa wakisikiliza pembeni, na Chui.

"Nani hufurahi mtoto akiwa peke yake?" Wakavuka walewale, Fisi, Mbweha na Chui.

"Naongeza langu moja. Nani ana njaa sasa hivi?"

Chui hakutaka kukosa ndiyo hata moja. Akaruka wa kwanza, Fisi na Mbweha nyuma yake!

"Basi," akasema Nguchiro. "Maswali yanayovusha watu walewale yanapima kitu kimoja. Mawili yamewavusha kina mama. Hayo ni ya upendo. Mawili yamewavusha wenye njaa. Hayo ni ya tumbo. Na wewe, Mzee, umevuka kila mara. Hujasikiliza hata swali moja."

Ngrrr! Tumbo la Chui likaitikia lenyewe. Kina mama wakainamisha pembe, naye akatimka puruu!

"Sasa nani atalea?" akauliza Mama Paa.

"Huyu huyu aliyetuokoa!" wakajibu wote. Hakuna aliyemuuliza Nguchiro swali lolote. Wakamwachia watoto, hata ndege Kanga akamwachia mayai yake, wakaenda.

Waliporudi, mwana wa Paa alikuwa mzima, akamkimbilia mama yake kunyonya. Mama Paa akalia kwa furaha. Lakini Kanga alikuta maganda matupu.

"Nguchiro! Mayai yangu!"

"Dada Kanga," akajibu, akipangusa mdomo, "sisi tulipima upendo wa watoto. Habari ya mayai, nani aliniuliza?"

Ngano nimeitua hapo. Mwenye nguvu aibebe. Funzo lake, wanangu, ni hili: anayejua kupima maswali ya wenzake, msimuulize chochote. Mwachieni mayai mkalale.