Risasi Isiyo na Bunduki

Ndugu zangu waumini, mlioegemea nguzo huko nyuma sogeeni kidogo, nina habari ya mfua shaba mmoja. Jina lake silitaji. Huenda ni jirani yako, huenda ni mimi ninayesema.

Mtu huyu alikuwa akitengeneza mifereji ya maji, hii ya kufungua na kufunga kwa mkono. Anayeyusha shaba ya manjano, anaimimina kwenye kalibu, ikipoa anaikereza mpaka ing'ae. Na kila chungu cha shaba alikitupia kipande cha risasi, ile ile laini ya kijivu wanayofungia wavuvi nyavu zao zizame. Bwana wake aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba shaba yenye risasi hutii kisu, na kweli ilitii. Alifanya hivyo miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumlaumu.

Mama yake alipofariki, alisubu mifereji saba akaiweka wakfu kwenye chuo cha Kurani cha mtaani kwake, thawabu zimfikie marehemu. Chuoni hapo alisoma mjukuu wake, aliyepewa jina la marehemu. Nasi tunavyojua mila zetu, babu hakuthubutu kumwita kwa jina. Alimwita Mama.

Basi siku moja baada ya adhuhuri alijinyoosha mkekani, usingizi ukamchukua. Akajiona chuoni, ua mzima una mwanga wa rangi ya shaba, na maji yanadondoka kwa sauti ya kengele ndogo. Mama yake amesimama kwenye mfereji wa kwanza, kijana, kanga yake ni ile aliyofungia ndoa. Alinyoosha kiganja akakiweka mdomoni mwa mfereji.

Aliamka na machozi ya furaha. Mkono ulionyooshwa, alijiambia, ni wa mtu anayeomba. Mama anataka nyongeza. Kesho yake akaanza mifereji mingine saba.

Siku hizo hizo akapita karakanani muuza vyuma, kijana mwenye adabu, na mche wa shaba begani.

"Hii haijatiwa risasi, mzee," alisema. "Maji yakilala ndani yake hayatoki na sumu. Kwa mifereji ya kunywa ndiyo salama."

Mzee akaujaribu. Ukamvunjia kisu cha kwanza, ukamvunjia cha pili. Akacheka, akasema, "Hii shaba ni mbishi, mwanangu. Mimi natia risasi kidogo tu, na mikono yangu imezeeka." Kijana akamwachia ule mche awe anaufikiria. Mzee akauweka chini ya mlango, upepo usiufunge. Akauruka kila siku akiingia na kutoka.

Mifereji ikawa kumi na minne. Marehemu mama yake akarudi ndotoni mchana mwingine, mwanga ule ule, kengele zile zile, akahama kutoka mfereji hadi mfereji akiuziba kila mmoja kwa kiganja. Mzee akasema, subhanallah, kiu gani hii.

Na yule Mama mjukuu? Mtoto aliyekuwa akisoma sura ya Tabaraka yote bila kukwama alianza kusimama katikati ya aya, macho yako mbali, kama mtu aliyeitwa chumba cha pili. Tumbo likamuuma, chakula hakitaki. Ustadhi akalalamika kwamba amekuwa mzembe. Babu hakuamini uzembe huo. Aliogopa, akamshika mkono wakaenda hospitali, damu ikapimwa.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Akamkalisha, akasema taratibu, "Babu, huyu mtoto ana risasi mwilini."

Unajua mzee alifanya nini? Alimfunua mtoto mabega, akamgeuza mgongo, akatafuta tundu. Akauliza, "Nani kampiga?"

"Hakuna aliyempiga, babu. Amenyweshwa."

Daktari akaeleza kwamba risasi hiyo haina harufu wala ladha, na maji yaliyolala usiku kucha ndani ya shaba iliyotiwa risasi huamka nayo. Akamuuliza mtoto asubuhi hunywa wapi. Mtoto akajibu kwa fahari kwamba kila siku huwahi chuoni kabla ya wenzake, apate maji ya kwanza kwenye mifereji ya babu.

Hapo ndipo mzee alipokielewa kile kiganja. Mama yake hakuwa akiomba. Alikuwa akizuia.

Akaing'oa mifereji yote kumi na minne kwa mikono yake. Akarudi karakanani, akainama akautoa ule mche chini ya mlango, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo. Mfereji mmoja ulimchukua siku nne na visu vitatu. Haukung'aa sana. Mtoto alitibiwa, rangi ikamrudia, lakini Tabaraka alianza kuisoma upya kutoka aya ya kwanza, na babu alikaa pembeni akilia bila kujificha.

Ndugu zangu, mzee huyu hakuwa mbaya. Ndilo linalonitisha. Bunduki iliyompiga yule mtoto ilikuwa mkono wa mtu anayetoa sadaka.

Na sisi je? Kwenye sadaka zetu, malezi yetu, biashara zetu, hakuna kile "kidogo tu" tunachotia ili kazi itulainikie? Uongo mdogo ili nyumba itulie, dharau ndogo ili mke anyamaze. Tukizuiwa, tunadhani tunaombwa tuongeze.

Wala usiniambie hukujua njia nyingine. Ilikuwepo. Ilikuwa ngumu ukaiacha. Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujavua kofia, inama utazame mlango wako umeuzuia kwa kitu gani.